Mwenyekiti wa kamati ya maadili kutoka nje ya taaluma: tunampataje, na tukishampata nani anamlinda?

Mezani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Bodi yetu ya kitaaluma (sitaitaja, na taaluma yenyewe haibadilishi hoja) imepitisha kanuni mpya: mwenyekiti wa kamati ya maadili lazima awe mtu asiye mwanataaluma. Mimi ni mmoja wa waliopewa kazi ya kumtafuta. Rasimu ya tangazo la nafasi imeshaandikwa, na ndiyo iliyonisukuma kufungua uzi huu, maana ukiisoma kwa makini unaona inatafuta mtu wa nje ambaye yuko ndani tayari.

Inataka mwombaji awe na "uelewa mpana wa taaluma", awe "ameshirikiana na bodi kwa muda mrefu" na awe "anaheshimika miongoni mwa wanachama". Jumlisha hayo matatu uone unampata nani. Unampata anayetuuzia vifaa, wakili anayetutetea mahakamani, au mwenza wa kiongozi wetu aliyestaafu. Wote hawana leseni yetu, kwa hiyo kwenye karatasi ni watu wa nje. Mlalamikaji akishajua kiti kimekaliwa na nani atasema kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere, na atakuwa na haki ya kusema hivyo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kabla ya kuulizana mtu huyo awe na sifa gani, tukubaliane nani atamteua na nani atakuwa na uwezo wa kumwondoa. Mwenyekiti aliyeteuliwa na baraza la uongozi la bodi ambalo wajumbe wake wanaweza kulalamikiwa kesho, kisha akaongezewa muhula na baraza hilohilo, atakuwa anapima upepo kila anapofungua jalada la mkubwa. Hata awe mwadilifu kiasi gani.

Wenzetu wameshapita njia hii. Uingereza, baada ya daktari Harold Shipman kutiwa hatiani Januari 2000 kwa kuua wagonjwa wake 15, iliundwa tume ya uchunguzi chini ya jaji Janet Smith. Ripoti yake ya tano, ya mwaka 2004, ililigusa baraza la madaktari la nchi hiyo moja kwa moja: lilikuwa linatazama mno maslahi ya madaktari kuliko usalama wa wagonjwa. Na kumbukeni baraza hilo lilikuwa na watu wa nje tayari! Walikuwa 14 kati ya wajumbe 35, lakini 19 walikuwa madaktari waliochaguliwa kwa kura na madaktari wenzao. Mwaka 2009 likaundwa upya: wajumbe 24, nusu madaktari, nusu watu wa nje, na wote wakawa wa kuteuliwa. Kura za wanachama zikaondolewa kabisa. Mimi nadhani hilo la mwisho lilikuwa na uzito kuliko hesabu ya viti.

Naomba michango, hasa kwa waliowahi kukaa kwenye kamati za namna hii.

Fundi Sanifu

Mkuu Mezani, nakuheshimu ila hapa nakupinga. Mimi ni mhandisi. Daraja likipata ufa, aje mwalimu wa historia aniambie nilikosea hesabu ya mzigo? Taaluma ina kina chake. Mtu wa nje atayumbishwa na machozi ya mlalamikaji au na vichwa vya habari. Sisi kwa sisi tunajuana, na mara nyingi tunahukumiana kwa ukali kuliko watu wa nje. Mtu wa nje akae kama mjumbe, sawa. Kiti cha mbele kibaki kwa anayeijua kazi.

Mezani

Ndugu Fundi Sanifu, hofu yako ni ya haki na haistahili kupuuzwa. Ila hebu tuchambue kinachofanyika ndani ya shauri la maadili. Kwanza ni nini kilitokea: nani alisaini nini, lini, alimwambia nani. Hapo hakuhitajiki mhandisi, panahitajika mtu anayesoma nyaraka na kusikiliza mashahidi kwa makini. Pili ni kama kilichofanyika kilishuka chini ya kiwango cha taaluma. Hapo kweli anahitajika mtaalamu, na atakuwepo, kama mjumbe na kama shahidi bingwa. Tatu ni bodi ifanye nini: onyo, masharti, kusimamisha leseni, kufuta jina. Hilo la tatu linahusu imani ya watu wote wanaopita juu ya daraja, na sioni kwa nini wewe na mimi tuwe na sauti kubwa kuliko wao.

Mwenyekiti hapigi hesabu ya mzigo. Kazi yake ni kuhakikisha swali la pili limejibiwa na mtu anayelijua, mbele ya watu wanaoweza kumuuliza, na jibu likaandikwa kwa namna ambayo mlalamikaji ataielewa. Kuhusu kuhukumiana kwa ukali: ni kweli tunafanya hivyo, hasa kwa vijana. Kwa wakubwa sijaona.

Mizani ya Soko

Niongeze jambo ambalo huwa linasahaulika. Watu wakisikia kamati ya maadili wanafikiria kulindana tu. Kuna na maslahi ya biashara. Jimbo la North Carolina, Marekani, lilikuwa na bodi ya madaktari wa meno yenye wajumbe 8, na 6 kati yao ni madaktari wa meno waliokuwa wakifanya kazi. Watu wasio madaktari walipoanza kutoa huduma ya kung'arisha meno kwa bei ya chini, bodi ikawaandikia barua za kuwaamuru waache. Suala likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2015 majaji 6 dhidi ya 3 wakaamua kwamba bodi inayotawaliwa na watu walio sokoni haiwezi kujikinga na sheria ya ushindani kama dola yenyewe haiisimamii kwa vitendo.

Ninachotaka mkione: kwenye bodi hiyo kulikuwa na kiti kimoja cha mwakilishi wa walaji. Kiti kimoja hakikuzuia kitu. Kwa hiyo ndugu Fundi Sanifu, "akae kama mjumbe" imeshajaribiwa.

Nesi wa Zamu

Habari zenu. Swali langu kwa Mezani: mmeandika wapi maana ya "asiye mwanataaluma"? Msipoiandika mtaletewa mtu aliyerudisha leseni mwaka jana. Kwenye fani yangu nimeshuhudia mtu aliyefanya kazi maisha yake yote nasi akahesabiwa kuwa mtu wa nje kwa sababu amestaafu. Anawaita washtakiwa kwa majina ya utani! Wengine aliwafundisha yeye.

Kuna sheria ya huduma za kisheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2007 iliyoliona shimo hilo. Mwenyekiti wa bodi ya juu inayosimamia huduma za kisheria lazima awe mtu wa nje, na mtu wa nje ni yule ambaye hajawahi kamwe kuwa na idhini ya kufanya kazi hizo za kisheria. Kuacha kazi hakukufanyi uwe wa nje. Nendeni na "hajawahi", na muongeze jamaa wa karibu, wabia wa kibiashara na wanaoiuzia bodi huduma.

Mezani

Dada, hilo nalichukua kama lilivyo. Rasimu yetu inasema "asiwe mwanachama hai". Sasa naona neno "hai" liliwekwa kwa ajili ya nani.

Mwandika Muhtasari

Nimekuwa nikiandika kumbukumbu za vikao vya kamati ya maadili kwa muda mrefu, chini ya wenyeviti wa ndani na baadaye wa nje. Sitasema ni bodi ipi. Nieleze tofauti niliyoiona kwa macho, kisha nitaje hatari moja ambayo hakuna aliyeigusa.

Tulikuwa na shauri la mteja aliyesema hakuelezwa madhara ya kile alichokubali kufanyiwa. Mjumbe mmoja mzoefu akaeleza kwa nini mlalamikiwa hana kosa. Alieleza haraka, kwa vifupisho na majina ya taratibu, wajumbe wenzake wakitikisa vichwa. Mwenyekiti, mama mmoja aliyewahi kuwa mkuu wa shule, alikuwa na fomu ya ridhaa mbele yake. Akaigeuza, akaweka kidole kwenye mstari wa saini, akasema: "Naomba unieleze tena, lakini kama vile huyu aliyesaini hapa amekaa kwenye kiti changu." Mjumbe akaanza upya, polepole. Alipofika katikati akanyamaza. Maelezo yake yalikuwa yanategemea kwamba mteja aliambiwa jambo fulani kabla ya kusaini, na kwenye jalada zima hapakuwa na mahali palipoonyesha aliambiwa. Wale waliotikisa vichwa walikuwa wamelijaza pengo hilo wenyewe, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba kwa kawaida wateja huambiwa. Mama hakuwa na ujuzi hata kidogo wa taratibu zile, na ndiyo maana alisikia pengo.

Sasa hatari. Malalamiko hayafiki kwa mwenyekiti moja kwa moja. Yanapita sekretarieti, na sekretarieti ndiyo inayoamua lipi "halina msingi". Mnaweza kumleta mwenyekiti huru kuliko wote duniani, akawa anaona tu yale ambayo wenyeji wameamua ayaone. Kwa hiyo iandikwe ndani ya majukumu yake, tena kwenye tangazo lenyewe, kwamba ana haki ya kufungua jalada lolote lililotupwa, na kwamba kila robo mwaka atachagua mwenyewe baadhi ya hayo na kuyapitia. Mwombaji makini akiona kipengele hicho atajua bodi haitanii. Asipokiona, naye ana haki ya kuuliza kwenye usaili.

Wakili Msomi

Mwandika Muhtasari amegusa penyewe. Sisi wanasheria tuna shauri moja la Uingereza la mwaka 1924 tunalofundishwa mapema sana. Karani wa mahakama ndogo aliingia na mahakimu chumbani walipokwenda kutafakari hukumu, wakati ofisi yake ya uwakili ilikuwa inamwakilisha mtu mwenye madai dhidi ya mshtakiwa kwa ajali ileile. Mahakimu wakasema hawakumuuliza lolote, na hakuna aliyewabishia. Hata hivyo hukumu ilifutwa. Jaji mkuu Hewart akasema haki haitoshi kutendeka, lazima ionekane wazi kwamba imetendeka. Tazameni vizuri: kosa halikuwa la mahakimu. Lilitoka kwa karani, tena karani aliyekaa kimya.

Kwa hiyo mtakapomtafuta mwenyekiti mtafuteni na mshauri wa sheria wa kamati ambaye si mshauri wa sheria wa bodi. Kamati na bodi zikitumia wakili mmoja, mlalamikiwa yeyote mwenye wakili mzuri atawasumbua.

Pwani Moja

Kwa nini msitafute jaji mstaafu tu, mambo yakaisha? Ana heshima, anajua kuendesha shauri, hatishwi na mtu.

Mwandika Muhtasari

Jaji mstaafu anaweza kufaa sana, na nimefanya kazi na mmoja aliyekuwa wa mfano. Ila asiwe jibu la kwanza linalotuzuia kutafuta. Wengine huigeuza kamati kuwa mahakama: mlalamikaji asiye na wakili anajibiwa kwa vifungu, anaogopa, ananyamaza. Na kamati ya maadili ina kazi nyingine ambayo haina mshtakiwa kabisa, yaani kuandika kanuni, kutoa ushauri kwa mwanachama aliyekwama njia panda, kuona kwamba malalamiko kumi ya mwaka huu yanatoka kwenye tatizo moja. Kazi hiyo inahitaji mtu mwenye udadisi. Nimeona ikifanywa vizuri na mkuu wa shule, na mtu aliyesimamia malalamiko ya wateja kwenye shirika la huduma. Usaili ufanyike kwa wote, jaji naye asailiwe.

Afisa Ajira

Kazi yangu ni kuajiri, kwa hiyo nijikite hapo.

Tangazo lisiwekwe kwenye jarida la bodi peke yake. Anayesoma jarida lenu ni mtu wenu. Lipelekwe kwa vyama vya watumiaji wa huduma, vya walimu, vya wafanyakazi, kwenye magazeti ya kawaida. Mtu yeyote anaweza kupendekeza jina, lakini jina lililopendekezwa lijaze fomu ileile na kupita mlango uleule.

Jopo la usaili ndilo moyo wa zoezi zima. Wengi wa wanajopo wasiwe wanataaluma, na asiwepo mjumbe wa baraza mwenye shauri au rafiki mwenye shauri. Kanuni saba za utumishi wa umma za kamati ya Nolan ya Uingereza, za mwaka 1995, zinaweza kuwa kipimo kizuri, lakini zisiulizwe kama mtihani wa kukariri. Ukimuuliza mtu "uadilifu ni nini kwako" atakupa hotuba, na hotuba nzuri kuliko zote mara nyingi hutoka kwa mtu usiyemtaka.

Mpe kazi afanye. Mimi ningetumia mbili. Ya kwanza, mpe jalada fupi la kutunga, kurasa chache, lenye ripoti ya kitaalamu asiyoielewa, umpe muda wa kulisoma, kisha mwambie aandike maswali yake tu. Usimuulize hukumu. Anayeleta uamuzi wakati umeomba maswali ameshakuonyesha atakavyoendesha kikao. Ya pili, weka watu watatu waigize wajumbe, mmoja wao aseme: "Huyu mzee namfahamu miaka yote, hawezi kufanya hivi." Angalia mwombaji anafanya nini na sentensi hiyo. Wapo watakaoipitisha kwa tabasamu. Wapo watakaomkaripia msemaji mbele ya wenzake, na mjumbe aliyeaibishwa hivyo hatasema tena la maana kikao chote. Unayemtaka atauliza kwa upole lakini bila kukwepa: "Ukaribu wako na mlalamikiwa ukoje? Unapaswa kubaki kwenye shauri hili?" Kisha atasubiri jibu, na kuhakikisha limeandikwa.

Na wadhamini anaowataja, wapigiwe simu na waulizwe swali moja mahususi: ni lini mtu huyu alikukatalia jambo, na alikukatalia vipi?

Nesi wa Zamu

Hapo kwenye wadhamini nimeelewa kitu kipya. Asante.

Ila malipo je? Nimeona nafasi hizi zikitangazwa kama za kujitolea. Mtu wa kawaida anayefanya kazi kila siku hawezi kuacha kibarua chake kusoma majalada ya kurasa mia tatu. Mtabaki na wastaafu wenye pensheni nzuri, wote wa umri mmoja na mtaa mmoja, na mtashangaa kwa nini kamati haifanani na watu inaowahudumia.

Mezani

Kwenye malipo tumegawanyika ndani ya bodi. Wapo wanaosema akilipwa na bodi atakuwa mtu wa bodi. Mimi naona kinyume chake: asiyelipwa hutegemea fadhila, na fadhila haina mkataba. Alipwe posho ya kueleweka kwa kila siku ya kazi, siku za kusoma majalada zikiwemo, kiwango kiwekwe mwanzo kwa muhula wote, na baraza lisiweze kukigusa katikati. Tangazo liseme ukweli kuhusu muda unaohitajika. Tukisema vikao vinne kwa mwaka wakati tunajua kuna mashauri ya dharura, tutampoteza mtu mzuri ndani ya mwaka mmoja, na ataondoka na picha mbaya juu yetu, tena kwa haki.

Fundi Sanifu

Nimesoma yote. Kwenye mwenyekiti nimelegeza msimamo, hasa baada ya ile fomu ya ridhaa. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo na nimetikisa kichwa kama wale wajumbe.

Lakini niwaulize, naibu mwenyekiti ni nani? Maana mwenyekiti akiugua, au akijiondoa kwa sababu anamfahamu mlalamikiwa, kiti anakishika naibu. Kama naibu ni wa ndani, basi mlalamikiwa mwenye akili atatafuta namna ya kumfanya mwenyekiti ajiondoe. Nimewaza tu kama mtu anayetafuta sehemu dhaifu ya jengo.

Wakili Msomi

Umewaza vizuri sana, mkuu. Naibu naye awe wa nje, apatikane kwa mchakato uleule, na kanuni iseme pingamizi dhidi ya mwenyekiti linaamuliwa na nani. Lisiamuliwe na baraza.

Na muhula: uwe mmoja, wenye urefu wa kutosha, usioongezwa. Anayetafuta kuongezewa ana bosi. Kuondolewa kuwe kwa sababu zilizoandikwa kabla hajaanza kazi, kama kushindwa kuhudhuria, kuficha mgongano wa maslahi au kutiwa hatiani kwa kosa la jinai, na uamuzi huo ufanywe na jopo la nje lenye wajibu wa kutoa sababu zake hadharani. "Kupoteza imani ya wanachama" isiwe sababu. Mwenyekiti anayefanya kazi yake ataipoteza imani hiyo angalau mara moja.

Mezani

Wakuu, nimekaa na michango yenu na kuandika rasimu upya. "Uelewa mpana wa taaluma" nimeifuta, badala yake tumeahidi mafunzo: miezi ya mwanzo atasoma maamuzi ya nyuma, atatembelea sehemu za kazi na kukaa na wanachama wa kawaida bila viongozi kuwepo. "Anaheshimika miongoni mwa wanachama" nimeifuta na sijaweka kitu. Maana ya mtu wa nje ni "hajawahi". Haki ya kufungua majalada yaliyotupwa imo kwenye aya ya pili, mahali ambapo mwombaji hawezi kuikosa. Naibu wa nje, muhula mmoja, wakili wa kamati peke yake, yote yamo.

Kilichobaki ni uteuzi. Baraza linataka jopo lipendekeze majina matatu, lenyewe lichague moja. Nitapinga. Majina matatu ni njia ya kumpata aliye laini kuliko wote watatu. Nitaomba jopo lilete jina moja, na baraza likilikataa liandike sababu na sababu hizo zichapishwe. Kikao ni wiki ijayo, na najua kipengele hiki ndicho watakachong'ang'ania.

Afisa Ajira

Wakikubana hapo, kubali majina mawili yaliyopangwa kwa alama, na alama zichapishwe. Usikubali matatu yasiyo na mpangilio. Halafu chini ya tangazo weka mtu wa kujibu maswali ya waombaji, na asiwe mjumbe wa baraza.